UZI: Kabla hujakubali titi likatwe, uliza habari ya sindano ya kuchukua kinyama. Yangu haya hapa

#1 MkekaMpya

Salaam wakuu. Uzi huu niliuahidi kwenye ule mjadala wa matiti mwezi wa pili, nikawa nasitasita kuuandika kabla majibu yangu hayajatoka. Sasa yametoka. Ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitanuna.

Nina miaka 41, mwalimu wa msingi, mkoa wa Tanga. Siku moja naoga, mkono ukapita titi la kushoto upande wa kwapa, ukakutana na kitu. Ukubwa kama kokwa ya fenesi, kigumu, hakiumi hata ukikibonyeza. Nikakaa nacho wiki tatu bila kumwambia mtu. Wanawake wenzangu mnajua kwa nini, wanaume msijisumbue kuuliza. Wifi yangu ndiye aliyeona nimekuwa mkimya, akanibana nikasema, na kesho yake saa moja asubuhi alikuwa mlangoni kajitanda mtandio wake: twende.

Hospitali ya kwanza, jina nalihifadhi, daktari alinibonyeza nusu dakika akasema, "Hiki tunakitoa tu, mama. Njoo Jumatano, usile kitu." Altrasaundi hakuna, picha yoyote hakuna. Nikamuuliza, sasa mtajuaje ni nini? Akajibu tukishakitoa tutakipeleka maabara. Nikaona sawa, si kinatoka? Nikapanga na mwalimu mwenzangu anishikie darasa la nne.

Aliyenizuia ni binamu yangu, tabibu wa zahanati huko Handeni. Alinipigia Jumatatu usiku: "Dada, usipande kitanda cha upasuaji kabla hawajakuchoma sindano wakajua wanakata nini." Basi. Hilo ndilo nililokuja kulisema, mengine yote ni maelezo yake.

Nikaomba rufaa, nikaenda hospitali kubwa. Huko daktari alinipapasa matiti yote mawili, kwapa zote mbili, hadi juu ya mitulinga. Nikapigwa altrasaundi na mamografia, yaani eksirei ya matiti. Akaniambia kitakachofuata ni sindano, na kwamba mkono, picha na sindano huwa wanavisoma pamoja: vyote vitatu vikisema neno moja wanaamini, kimoja kikigoma kukubaliana na wenzake wanarudia.

Sasa hapa ndipo wengi tunapochanganya. Tunasema "kuchukua kinyama" kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi nilichomwa mara mbili, kwa sindano mbili tofauti kabisa.

Ya kwanza nyembamba, kama hizi za bluu za kuchomea dawa. Hata ganzi sikuwekewa. Alichoma, akavuta bomba huku akiipeleka mbele na nyuma, akatoa, akadondoshea kwenye kioo na kulisambaza tone kwa kioo kingine. Dakika tatu nimeshavaa. Hii inanyonya seli, haileti kipande. Majibu siku ya tisa: sampuli haitoshi. Nililia kwenye daladala, abiria wakadhani nimefiwa.

Ya pili ndiyo nataka muijue. Ni sindano nene, namba 14. Kwenye sindano namba ikipungua unene unazidi, kwa hiyo 14 ni nene kuliko 22. Wauguzi wataielewa nikisema ni sawa na ile kanula ya rangi ya chungwa, upana wa milimita mbili na ushee. Inafungwa kwenye kitu chenye springi ambacho wao wenyewe wanakiita bastola. Jina baya, chombo hakina ubaya.

Nililala chali, mkono wa kushoto chini ya kichwa. Daktari ameshika kifaa cha altrasaundi kwa mkono mmoja, macho kwenye skrini. Akachoma ganzi, na hiyo ndiyo iliyoniuma, inawaka kama pilipili kisha baada ya dakika mbili husikii kitu. Akachana ngozi kidogo sana, milimita tatu nne hivi, sindano ipate njia. Akaiingiza taratibu ikiwa imelala sambamba na kifua, si kuelekea kwenye mbavu, nami naiona kwenye skrini kama mstari mweupe unaokifuata kiwingu cheusi. Akasema, "Mama, utasikia mlio, usishtuke." TA! Kama steplea. Nilishtuka.

Kwenye ule mlio mmoja yanafanyika mambo mawili, nilimuuliza baadaye akanionyesha. Sindano ya ndani inachomoka mbele kama sentimita mbili, ubavuni ina kidaka. Nyama inajaa kwenye kidaka. Hapo hapo ala ya nje inaifuata kwa nguvu na kuikata. Kinachotoka ni mfano wa tambi, urefu wa punje mbili tatu za mchele ukizipanga mstari. Nilichukuliwa vitano, kila kimoja na TA! yake.

Baada ya hapo muuguzi alinikandamiza kwa mkono dakika kumi, akabandika plasta. Hakuna uzi, hakuna kulazwa. Niliambiwa nivae sidiria inayobana hata usiku, niweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, nisibebe ndoo siku mbili. Titi lilivilia damu, likawa zambarau, kisha manjano, likaisha. Nilikwenda na daladala nikarudi na daladala.

Majibu siku ya 17: faibroadenoma. Si saratani, na yanalingana na picha. Nirudi baada ya miezi sita kupigwa altrasaundi nyingine. Sijakatwa popote. Ile Jumatano ningekuwa nimepasuliwa kwa kitu ambacho hakikuhitaji kisu.

Nimehesabu kwenye kalenda ya shule. Tangu siku ya kwanza hospitali hadi karatasi ya majibu ni siku 83. Bastola yenyewe ilichukua dakika ishirini. Shirika la Afya Duniani, kwenye mpango wake wa saratani ya matiti ulioanza mwaka 2021, linataka mtu awe ameshajua ndani ya siku 60 tangu afike kituoni. Kingekuwa kibaya, ningekilea siku 83.

Maswali karibuni. Bei msiniulize, kila mahali ina yake, na bima nazo zina mambo yao.

#2 BabuKipara

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Uzi wa maana huu, si zile za nani kaachwa na nani.

#3 ChumaHakigusi

Mleta mada hongera kwa majibu, lakini mnawapotosha watu. Shangazi yangu alikuwa na uvimbe miaka miwili hana shida yoyote, anapika, anakwenda shamba. Wakamchoma hiyo sindano yenu, miezi mitano akafa. Wazee walisema tangu zamani: uvimbe ukiguswa na chuma unakasirika. Nyie someni vitabu, sisi tumeona kwa macho.

#4 FundiVioo

#3 pole kwa shangazi. Mimi nipo upande wa maabara, kanda ya ziwa, hizo "tambi" za mleta mada ndizo ninazozikata kila siku. Nikuambie ninachokiona kutoka kwenye benchi langu.

Sindano inaweza kusogeza chembe chache kwenye njia iliyopita. Hilo lipo, hatulifichi. Watafiti walizitafuta hizo chembe kwenye matiti yaliyokuja kupasuliwa baada ya sindano, wakakuta kadiri siku zinavyopita kati ya sindano na upasuaji ndivyo zinavyopatikana chache, maana yake nyingi zinakufa tu pale zilipoachwa. Na waliochomwa sindano kwanza hawafi zaidi ya waliopasuliwa moja kwa moja.

Halafu tuhesabu pamoja. Uvimbe miaka miwili. Haumi, kwa hiyo hakuna anayekwenda hospitali. Siku ukianza kuuma, ngozi imevutika kama ganda la chungwa, kwapa limejaa, ndiyo anapelekwa. Anachomwa sindano wiki hiyo. Anafariki miezi mitano baadaye. Wewe umekumbuka ile sindano ya dakika ishirini, ile miaka miwili umeisahau.

#5 ChumaHakigusi

Sawa mtaalamu. Mimi nimesema nilichoona.

#6 Rehema_84

Nimesoma #1 mara mbili, mara ya pili nikaacha, nikaenda nje kidogo, nikarudi. Mimi ndiye yule ambaye binamu hakumpigia simu.

2019, uvimbe titi la kulia. Kituo kimoja (sitaji), daktari akasema anatoa, akatoa. Kinyama akanikabidhi mwenyewe kwenye chupa, nikipeleke mjini. Chupa ya maji ya kunywa, imejazwa maji ya dripu. Nikasafiri nayo kwenye basi usiku kucha, miguuni. Maabara wakanipokea vizuri, lakini wakaniambia kimeshaanza kuoza. Waliweza kusema ni saratani. Aina gani, inasikia dawa gani, hawakuweza.

Na kwa kuwa aliyekata hakujua anakata nini, alikata kama anatoa kitu cha kawaida, pembeni pembeni. Ikabaki. Nikapasuliwa tena, safari hii titi lote. Daktari wa pili aliniambia bila kuuma maneno kwamba kama ningekuja na sindano tu, uvimbe ukiwa bado mahali pake, wangeweza kuanza na dawa za dripu, waupunguze, ndipo wakate kidogo. Nafasi hiyo ilishapita.

Mionzi nilimalizia Ocean Road, ile taasisi ya saratani ya Dar es Salaam. Nipo hai, namshukuru Mungu, mwaka wa sita sasa. Sijamwandikia hayo yule daktari wa kwanza wala sina mpango. Nawaandikia nyie.

#7 MkekaMpya

Dada Rehema, sina la kusema. Nimesoma hadi mwisho.

#8 FundiVioo

#6 umeniumiza kwa sababu hizo chupa nazijua. Tumepokea vinyama kwenye chupa za maji, za dawa ya kikohozi, hata kwenye glovu iliyofungwa fundo. Ngoja nitoe somo hapa, maana hili ni jambo ambalo mgonjwa na ndugu zake wanaweza kulisimamia wenyewe.

Kinyama kikishatoka mwilini kinaanza kufa. Kinatakiwa kiingie kwenye fomalini, ile ya asilimia 10, mapema, isizidi saa moja. Si maji ya chumvi, si spiriti, si friji ya nyumbani. Fomalini iwe nyingi, mara kumi ya kinyama chenyewe, na kopo liwe na mdomo mpana kwa sababu kinyama kikikaa humo kinakakamaa, kikiingia kwa kubanwa hakitoki. Kikikaa humo chini ya saa 6, fomalini haijakolea. Kikizidi saa 72, vile vipimo vya vipokezi vya homoni na cha HER2 (protini inayochochea baadhi ya saratani za matiti) vinaanza kudanganya. Na hivyo ndivyo vinavyoamua kama mtu atapewa tamoksifeni, ile dawa ya kuzuia homoni, au dawa ya HER2, au hizo zote hazimfai. Kwa hiyo kopo linalosubiri gari la Ijumaa ijayo ni tatizo.

Siku ya kipimo muulize anayekuhudumia maswali mawili: "Fomalini ipo?" na "Kinaondoka lini?" Waandike jina lako kwenye kopo lenyewe, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana, tumeyaona.

Jambo jingine dogo ambalo nalipenda. Tambi zikitupwa kwenye fomalini, tazama. Nyama ya uvimbe huzama. Mafuta ya titi huelea. Si kipimo, lakini mpigaji mzuri akiona zote zinaelea anajua amekosa, anachukua nyingine kabla mgonjwa hajavaa.

#9 BabuKipara

Hiyo ya kuzama na kuelea nimeipenda, kama mama anavyochagua maharage.

#10 DoktaWaBush

Nimepita kimya kimya lakini mleta mada ameikandia sindano nyembamba mno, ngoja niitetee. Nafanya kazi wilayani, bastola sina.

Ile ya bluu ina kazi zake. Mama ana uvimbe wa maji, nachoma, maji ya rangi ya majani ya chai hafifu yanatoka, uvimbe unapotea chini ya kidole changu. Kipimo hicho hicho ndiyo tiba, anarudi nyumbani anacheka. Maji yakija na damu, au uvimbe ukibaki, hapo natuma. Mama anayenyonyesha ana jipu, navuta usaha kwa sindano badala ya kumpasua, na narudia baada ya siku mbili tatu. Tezi za kwapa, hivyo hivyo, nyembamba inatosha sana kujua kama ugonjwa umefika.

Inapokwama ni kwenye uvimbe mgumu wa titi lenyewe. Inakuletea seli zilizotawanyika, kama herufi zilizomwagwa mezani. Hata akizisoma mtu hodari akasema hizi ni za saratani, hawezi kukuambia kama saratani bado imo ndani ya vijifereji vya maziwa au imeshavunja ukuta na kutoka. Tambi inaonyesha ukuta. Na nyembamba inataka msomaji mzoefu zaidi, nao nchini mwetu ni wachache na wako mijini.

Kwa hiyo mimi, uvimbe mgumu sichezi nao. Naandika rufaa, naandika na kwa herufi kubwa HAJAPASULIWA ili atakayempokea afurahi.

Nyongeza: kuna kifua kikuu cha titi. Kwetu kipo. Kinaweza kuiga saratani kabisa, uvimbe mgumu, ngozi imeshikwa, tezi za kwapa. Nimemwona mama mmoja ambaye familia walishaanza kuchanga nauli ya msiba. Tambi ikasema TB. Alikunywa dawa miezi sita. Hebu fikiria angekatwa titi.

#11 FundiVioo

Dokta #10 umesema kweli. "Herufi zilizomwagwa mezani" naiiba hiyo.

#12 MkekaMpya

Dokta nimekubali, nilikuwa na hasira na ile "haitoshi". Narekebisha: nyembamba si mbaya, ila uliza inatafuta nini.

#13 NyotaYaKilindini

Salaam kutoka Mombasa. Mie swali langu kwa daktari. Nina vali ya moyo iliyobadilishwa, natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku. Juzi wameona kitu kwenye titi, wamenipa tarehe ya hiyo bastola. Shoga yangu anasema niwache dawa wiki nzima kabla, nisije nikatoka damu nikafa. Niwache?

#14 DoktaWaBush

Dada Nyota, USIACHE kwa kauli ya shoga wala yangu. Mwenye vali ya moyo akiacha warfarini mwenyewe anaweza kuganda damu, na hiyo ni hatari kubwa kuliko kuvilia titi. Wapigie wote wawili kabla ya tarehe, anayekuangalia moyo na atakayekuchoma. Watakupima damu ilivyo nyepesi, wakubaliane wao. Mara nyingi kwa sindano ya altrasaundi wanaendelea bila kuisimamisha, wanakandamiza tu kwa muda mrefu zaidi. Aspirini nayo waambie, hata ile ndogo. Na kama una mzio wa ganzi, hata ya kung'olea jino, sema.

#15 NyotaYaKilindini

Ahsante sana. Nimepiga simu, wamesema niende kesho kupimwa damu kwanza.

#16 KakaMnyamavu

Naomba nisichekwe. Mimi ni mwanaume, miaka 56. Nina kitu nyuma ya chuchu, upande mmoja, kigumu. Na sisi tunachomwa hiyo?

#17 BabuKipara

Anayecheka nitamripoti kwa wasimamizi wa jukwaa.

#18 FundiVioo

Kaka, mnachomwa, na ile ile. Wanaume ni chini ya asilimia moja au karibu na moja ya wagonjwa wote wa saratani ya matiti, lakini wapo, na vioo vyao nimevishika. Mara nyingi kwa mwanaume ni tezi imekua tu, kwa sababu ya dawa fulani, ini au homoni. Lakini kigumu, upande mmoja, umri wako, nyuma ya chuchu: nenda wiki hii. Wanaume wanachelewa kuliko wanawake kwa sababu ya hiyo hiyo "nisichekwe".

#19 MamaWawili_Leicester

Wapendwa, nipo Uingereza miaka ishirini sasa, nilikuwa nasoma tu bila kuandika. Yangu ilikuwa aina ya tatu ambayo hamjaitaja.

Huku kati ya miaka 50 na 53 unaletewa barua ya kwanza ya mamografia, kisha kila miaka mitatu hadi ukikaribia 71. Mimi sikuwa na uvimbe wowote. Walichoona ni vidoto vyeupe vimejikusanya mahali pamoja, chembe za chokaa. Mkono hauvishiki na altrasaundi kwa kawaida haivioni vizuri. Sasa utachoma sindano wapi?

Wananilaza kifudifudi kwenye meza yenye tundu, titi linaning'inia chini, mashine inalibana. Kwingine wanakukalisha. Inapiga picha mbili kutoka pembe mbili, kompyuta inapiga hesabu hadi milimita pale chokaa kilipo. Sindano yenyewe ni nene kuliko ya Bi Mkeka, namba 9 hivi, na imeunganishwa na mashine ya kuvuta hewa. Inaingia mara moja tu, inakaa humo humo, inavuta nyama kwenye kidaka, inakata, inazungushwa kidogo kama mkono wa saa, inavuta tena. Hakuna TA!, kuna mngurumo kama wa kifyonza vumbi kwa mbali. Shingo iliniuma kuliko titi.

Vipande walivipiga eksirei hapo hapo nikiwa bado nimelala, kuona kama chokaa kimo. Kimo. Ndipo wakaacha ndani kidude cha titani, kidogo mfano wa punje ya ufuta, kuwa alama ya mahali walipochota. Nimekwishapita viwanja vya ndege mara nne nacho, hakipigi kelele.

Majibu: saratani ambayo ilikuwa bado ndani ya vijifereji, haijatoka. Nilipasuliwa kidogo, nikapigwa mionzi, nimemaliza. Bila ile alama daktari wa upasuaji angekuwa anatafuta sindano kwenye mchanga.

#20 MkekaMpya

Da, kumbe. Na hicho kidude wanaweka kwa wote?

#21 DoktaWaBush

Si wote. Kinafaa zaidi pale ambapo baadaye hutaona kitu: chokaa, uvimbe mdogo sana, au mgonjwa anayekwenda kuanza dawa za dripu kabla ya upasuaji, maana uvimbe ukiitikia vizuri unaweza kuyeyuka kabisa, na mpasuaji akabaki anauliza ulikuwa wapi.

Historia kidogo kwa wanaopenda. Bastola ilitengenezwa Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1980 na daktari Per Lindgren, na haikuwa ya matiti peke yake. Marekani, Steve Parker akaiunganisha na mashine ya mamografia na kuandika habari zake mwaka 1990. Hiyo ya kuvuta hewa ikaja 1995. Kabla ya hapo mwanamke mwenye kivuli kwenye picha alikuwa anaingizwa waya kwenye titi asubuhi na kupasuliwa mchana, halafu wengi wao wanaambiwa hakikuwa kitu. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa Marekani mwaka 2010 yalikuta sindano nene inayoongozwa na picha inakaribiana sana na kisu kwa usahihi, huku madhara makubwa yakiwa chini ya asilimia 1, na kisu asilimia 2 hadi 10. Mimi nikisikia mtu bado anaanza na kisu mahali ambapo bastola ipo, nashangaa anaokoa muda wa nani.

#22 Zuhura_T

Mimi ni wa Alhamisi. Nimesoma wote. Nina miaka 33, picha imeandikwa namba 4 kwenye ile ngazi yao ya kupima picha inatia shaka kiasi gani, nikaingia mtandaoni kusoma, sasa silali. Mume wangu anasema nisiende, tusali kwanza. Nifanyeje?

#23 FundiVioo

Zuhura, namba 4 ni ngazi pana kuliko zote: inaanzia uwezekano wa asilimia 2 tu hadi 95. Maana yake ni moja, "picha haiwezi kuamua, leteni nyama." Haijakuambia una saratani. Namba 5 ndiyo ya kuanzia 95 kwenda juu, na hata hiyo bado wanataka kinyama.

Kitu kimoja nikusisitizie. Majibu yakija mazuri, usikimbie nayo nyumbani. Yarudishe kwa aliyepiga picha au aliyekuandikia, muulize, "Haya yanalingana na mlichokiona?" Picha ikiwa inatisha na nyama inasema hakuna kitu, huenda sindano ilipita pembeni, na hapo inarudiwa. Nimeona watu wakisherehekea karatasi ambayo haikuwa ya uvimbe wao bali ya mafuta ya jirani yake.

#24 Rehema_84

Mdogo wangu Zuhura, salini, kisha uende. Mwambie shemeji aje akusindikize, akae nje ya mlango. Akisikia TA! atajua hata yeye si kisu. Na mpe simu asome #6.

#25 MkekaMpya

Zuhura, vaa blauzi ya vifungo vya mbele, si gauni, utanishukuru. Kula kabisa asubuhi, hii si ya kukaa na njaa. Usipake poda wala manukato kwapani. Beba sidiria ngumu. Ukiingia waulize ya Fundi, fomalini na siku ya kuondoka. Na uwaombe wakugeuzie skrini, kuona kunapunguza woga, angalau kwangu.

#26 KakaMnyamavu

Nimekwenda leo. Daktari kijana, wala hakucheka. Altrasaundi Jumatatu.

#27 NyotaYaKilindini

Damu yangu wamesema iko sawa, wataendelea bila kuwacha dawa. Ahsanteni nyote, shoga yangu amenuna.

#28 BabuKipara

Zuhura vipi huko? Leo si ndiyo Alhamisi.

#29 Zuhura_T

Nimerudi, nipo kitandani na barafu. Shemeji yenu alikuja, alikaa nje, anasema amesikia milio yote. Ganzi kweli ni pilipili. Fomalini ilikuwepo, kopo lina jina langu ubavuni, gari ni kesho asubuhi. Milio mitano. Vinne vilizama, kimoja kikaelea, daktari akakitazama, akaongeza wa sita. Nacho kikazama.